Breki za Bati

Saa moja na robo asubuhi, Mwanahawa alimfikishia Fundi Shomari, kando ya soko, baiskeli mpya, tandiko lake likiwa bado limevikwa nailoni ya dukani. Siku hiyo alitaka kumpakia mama yake, ambaye haoni, hadi kliniki iliyo chini ya mteremko.

"Kaza breki tu, fundi. Ina gia kumi na nane."

"Gia ni za kwendea, dada. Mimi naulizia za kusimamia."

Shomari hakuwa na desturi ya kumkabidhi mtu baiskeli ambayo hajaishusha mwenyewe mteremko ule. Alikaza breki, akapanda, akashuka. Alipofika kwenye lango la kliniki alizibana kwa mikono miwili. Vyuma vya breki, ambavyo kumbe vilikuwa bati tupu, vilipinda, na baiskeli ikaendelea mpaka alipoiangusha kwenye majani.

Alirudi akiikokota, goti linavuja damu.

"Chukua yangu kwa leo," alisema, akionyesha baiskeli nyeusi ya miaka thelathini, nzito, isiyo na gia hata moja.

"Hiyo? Soko zima litanicheka."

Mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la fundi, aliinuka. "Mimi sioni rangi wala gia. Inasimama?"

"Inasimama, bibi."

Mwanahawa aliitazama ile mpya, aliyoiwekea akiba mwaka mzima. Kisha akaushika usukani wa ile nyeusi na kuielekeza kwenye mteremko, huku mama yake akipapasa keria, akitafuta pa kukaa.