Makosa ya Fundi Elia

"Sema kwa sauti, fundi," Mzee Nikodemu alisisitiza. "Kila kosa unalolikuta, litaje kwa sauti."

Yusra alikuwa amejikunja chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Akaitoa.

"Waya wa hasi umefungwa juu ya rangi!" akapaza. "Haugusi chuma. Ndiyo maana spika zinapiga mluzi ukikanyaga mafuta."

"Nani anafunga hivyo?"

"Mtu mvivu."

Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie gereji hiyo ya Buzebazeba. Alikuwa amefika saa nne asubuhi, akazunguka na gari mpaka akapata kivuli kizima, kisha akakataa benchi. Alisimama nyuma ya gari, mkono mmoja juu ya buti, na kifua chake kipana cha mbeba magunia wa bandarini.

Redio ya gari hilo alifungiwa na fundi Elia wa Ujiji. Jumamosi, kwenye msiba wa mama yake huko Katonga, alifungua milango yote minne ili waombolezaji wasikie wimbo wa kanisani ambao marehemu aliuimba na kurekodiwa kwenye simu kabla hajazidiwa. Spika zikalia kama mbuzi anayechinjwa. Watoto walicheka. Halafu na wakubwa.

"Nilimpigia Elia. Akaniambia masikio yangu ndiyo mabovu."

"Utamshitaki?"

"Wala. Nataka tu ajue alipokosea."

Yusra alimfahamu sana Elia. Alijifunza kazi kwake miaka miwili, kisha akafukuzwa mbele ya wateja, akaambiwa mwanamke hawezi kutofautisha besi na ngurumo. Kwa hiyo hakuhitaji kubembelezwa. Akasugua rangi kwa msasa, akakaza skrubu, akapaza sauti tena.

"Nyaya za sauti amezilaza pamoja na waya mkubwa wa umeme! Spika ya kushoto ameigeuza, chanya kwenye hasi! Hata mwanafunzi wa wiki moja hafanyi hivi!"

Miaka yote aliyoyameza maneno hayo, hakujua kuwa yana utamu namna hii.

Akawasha injini, akaupiga ule wimbo redioni. Mluzi haukuwepo. Sauti ya marehemu mama yake Mzee ikatoka safi, polepole, kila neno likisikika. Mzee aligeukia ukutani, akapangusa macho kwa kiganja.

Ila huko nyuma kilibaki kishindo. Du. Du-du. Hakikufuata wimbo.

"Ni spika ya besi kwenye buti," Yusra alisema.

"Iache kwanza."

"Siwezi kukuachia kazi nusu, Mzee."

Akazima redio. Kishindo kikaendelea. Akachomoa fyuzi. Kikazidi.

Akazima injini, akachomoa ufunguo, akaenda nyuma. Mzee akaupokea ule ufunguo na kufungua buti mwenyewe.

Ndani hamkuwa na spika yoyote. Alikuwemo Elia, amefungwa mikono na miguu kwa nyaya, mdomo umezibwa kwa utepe mweusi wa umeme, jasho likimtiririka.

"Haya, fundi," Mzee akamwambia Yusra kwa upole, "mrudilie ile ya spika ya kushoto. Naona hajaielewa."