Mashati Sita ya Mtaa Mmoja

Serikali iliahidi kuwalipia maskini wa mji ule nauli ya meli, wakalime koloni la mbali, kwenye ardhi iliyosemekana haina mwenyewe. Wenyewe hawakuulizwa. Sharti lilikuwa kila familia ionyeshe mashati sita ndani ya sanduku lake. Mtaa mzima wa wafumaji ulikuwa na mashati sita. Basi aliyekwisha kukaguliwa alitokea mlango wa nyuma wa ofisi, akazunguka, akamkabidhi anayefuata mashati hayo.

Ilipofika zamu ya Hanora, karani wa ukaguzi aliinua shati la juu. "Hili nimeliona leo mara tatu, mama."

"Bwana mkubwa, mnatuondoa kwa kuwa hatuna kitu, halafu mnatudai vitu! Mwenye mashati sita aende huko kutafuta nini?"

Foleni ikaangua kicheko. Karani akagonga mhuri kwenye karatasi ya Hanora. "Umepita. Ila kuanzia sasa masanduku yanapigiliwa misumari hapa hapa. Hayafunguliwi mpaka melini." Akafunika sanduku, akachukua nyundo.

Hanora akageuka. Nyuma yake alisimama jirani yake Brida, na watoto wanne, na sanduku tupu.

"Nenda, dada," Brida alinong'ona. "Usinitazame."

"Niende wapi, na wewe ubaki? Nimechoka na watu hawa!"

Akamnyang'anya karani nyundo, akaketi kitako juu ya sanduku, akaipakata. Nyuma yake foleni nzima ikasogea mbele hatua moja.