Pilau ya Watu Wanne

Kabla hajawa mtu wa kutia mtaji katika biashara za wengine, Bi Salha alikuwa akiuza vifurushi vya mapishi. Mchana ule, miaka mingi baadaye, msichana mmoja, Mwanakheri, alimletea kifurushi chake akitafuta mtaji, akakipika palepale ofisini. Mchele, nyama na viungo, vyote vimepimwa vya watu wanne.

"Hapa hakitupwi kitu, mama," Mwanakheri alijisifu. "Wanne wanakula, sufuria inabaki nyeupe."

"Hata mimi nilikuwa nikiwaambia wateja hivyo hivyo," Bi Salha akasema.

Wakaketi yeye, wenzake wawili na Mwanakheri, wakapakua. Kabla hawajatia mkono, mzee Kombo, bawabu wa jengo, akapiga hodi kuleta funguo.

"Karibu chakula, mzee!" wakaitikia wote kwa mazoea.

"Kumbe mama mkwe wangu ananipenda!" Mzee akacheka, akaenda kunawa.

Mwanakheri akafunua sufuria. Hata ukoko haukuwamo.

Bi Salha akamsogezea mzee sahani yake. Mzee akaitazama, akaitazama na sufuria.

"La, mwanangu. Nimeshiba."

Ndivyo alivyosema mama yake Bi Salha, siku ya mwisho alipokuja kumtembelea bila taarifa.

Mzee alipotoka, Mwanakheri akanong'ona, "Basi mama, mtaji utatia?"

Bi Salha alikuwa akiyatazama matone ya maji yaliyodondoka kutoka mikononi mwa mzee, yamefuatana sakafuni mpaka mlangoni, na pilau inapoa.