Njia ya Kupanda

Jino la Mogaka liliangukia kwenye chungu cha uji.

Walikuja wanaume wanne, asubuhi, umande haujakauka, wakamkuta Kemuma amepiga magoti anasaga wimbi. Mogaka, mkubwa wao, alimkumbatia kiuno kwa nyuma. Kemuma hakugeuka hata kumtazama. Aliuzungusha tu mkono wenye jiwe la kusagia.

Baba yake, mzee Nyasani, alikuwa ameketi nje amewapa mgongo. Ng'ombe wa mahari alishawapokea, na desturi ilimtaka mzazi asione. Mama naye alikwenda shambani mapema kuliko siku zote. Ndivyo wasichana wa upande wa Ekerenyo walivyochukuliwa miaka ile, hata mwaka huo uliofuata ule wa nzige: wanaume wa ukoo wa mume wanaingia, msichana anapigana, anakokotwa, anapigana tena, mpaka anafikishwa kwa watu wa mume.

Lakini Kemuma alijiapia jambo moja, tena alishalisema wazi sokoni. Siku hiyo hakuna mwanamume atakayemwinua kutoka ardhini.

Wanaume wenyewe hawakuona kazi hapo. Mguu wa kushoto wa Kemuma uliungua mekoni alipokuwa mtoto wa kutambaa. Vidole vilishikana vikawa kitu kimoja, na kisigino hakikugusa chini tena. Kabla ya kuingia, Mogaka alisimama mlangoni akawategea wenzake kitendawili: mbuzi wa miguu mitatu anafikaje kwa mwenyewe? Wakajibu kwa pamoja, kwa kubebwa, wakacheka sana. Okemwa alikuwa amekuja hata na kamba.

Sasa Mogaka hakucheka. Alimpiga Kemuma kofi lililomtupa ukutani, na Okemwa akamrukia na kamba yake. Kemuma akaikumbatia nguzo ya nyumba. Wakamvuta miguu, wawili huku na mmoja huku, hadi kucha zake mbili zikabaki kwenye mti. Akakiona kidole gumba cha Okemwa kimepita karibu na mdomo wake. Akakiuma mpaka meno yakagonga mfupa. Kamba ikaanguka. Akachota majivu ya moto kwa kiganja kitupu, akawamwagia machoni, akatoka.

Okemwa, damu inamtiririka mkononi, aliwapigia wenzake kelele wazibe njia ya misheni. Alikuwa na sababu. Bonareri, binamu yake Kemuma, aliwatoroka watu wa mume mwaka uliopita akakimbilia huko, sasa anavaa gauni na kusoma kitabu, na ng'ombe walirudishwa mchana watu wote wakitazama. Basi wanaume watatu wakateremka mbio njia kuu, kila mmoja akifuta majivu machoni.

Kemuma alikwenda juu.

Njia hiyo aliitafuta miezi miwili, kila alipotumwa kuni. Njia kuu ilikuwa mteremko mtupu, na mteremko ulimtesa. Mguu ule ulimsukuma mbele akala vumbi. Lakini kwenye kupanda, hata mzima hukimbia kwa ncha za miguu, na kisigino kinakosa kazi. Siku ya kwanza alianguka mara saba. Siku ya mwisho, mara moja. Aliijua yote kwa hatua: migomba, shamba la wimbi, mwamba, kisha korongo la mto. Korongo hilo hakuweza kulishuka kwa miguu, kwa hiyo alijifunza kulishuka kwa makalio.

Mogaka peke yake hakuwafuata wenzake. Aliona damu kwenye jani la mgomba.

Kwenye wimbi alimrushia rungu, likampata begani. Kemuma akaanguka kifudifudi, mdomo ukajaa udongo, akainuka. Kovu la mguuni lilikuwa limepasuka, na kila alipokanyaga alisikia kama amerudi mekoni. Hakutazama nyuma. Pumzi za yule mtu zilimtosha kujua yuko wapi.

Kwenye ukingo wa korongo akaketi, akajiachia. Miiba ikamchana mgongo kutoka juu hadi chini. Mogaka akashuka kwa kuruka, na kwenye jiwe la tatu la kuvukia mto akamdaka kifundo cha mguu, ule ule mbovu, akaukaza.

"Tulia sasa, dada," akasema, pengo lake linavuja. "Tulia nikubebe."

Kemuma alikuwa ameshaokota jiwe majini. Alimpiga nalo gotini mara moja, kisha mara ya pili, hadi aliposikia goti linalia. Mogaka akaporomoka mtoni, maji kifuani, akashika mzizi na kuanza kuutukana ukoo mzima wa Nyasani kuanzia babu. Kemuma akangoja kidogo, akaona kichwa kiko juu ya maji na matusi yanatoka vizuri, akageuka akapanda.

Ng'ambo ya mto alipanda kwa mikono na magoti. Karibu na kilele akasimama, akajifuta udongo usoni, akaenda wima.

Huko juu palikuwa na boma lenye nyumba moja ya nyasi mpya. Kijana aitwaye Onyancha alikuwa uani anapasua kuni. Alimwona msichana akiingia kwenye mwanya wa ua, damu mdomoni, damu mguuni, nguo imechanika mgongo mzima. Shoka likamponyoka. Akatazama njia nyuma yake, hapakuwa na mtu.

"Ndugu zangu wako wapi?" akauliza. "Niliwatuma wanne."

"Watatu wananingojea misheni," Kemuma akasema. "Mogaka yuko mtoni, nenda kamtoe. Nilikuambia nini siku ile sokoni, Onyancha? Mwambie mama yako apakue. Bibi arusi amekuja kwa miguu yake."