Nafasi Kando ya Baba

Tangu cheti cha kahawa ya kilimo hai kianze kuhesabu kila kinachoingia ardhini, maiti pia hupimwa. Mwenye mabaki ya dawa za hospitali mwilini hazikwi kihambani, kwenye shamba la ukoo. Hupelekwa makaburi ya mjini.

Ndiyo maana Ndewira, mgonjwa wa shinikizo la damu, alimrudishia bintiye Aikande vidonge.

"Baba yako yuko pale migombani. Unataka mimi nikalale na watu nisiowajua?"

"Kwanza uishi, mama."

"Nimeishi. Wewe hujachoka kunisikia?"

Aikande akaanza kuvisaga na kuvitia kwenye mtori, supu ya ndizi ya mama yake. Baada ya wiki chache kizunguzungu kiliisha, na uvimbe wa miguu ukapungua.

Leo asubuhi alimkuta mama ameinama kando ya kaburi la baba, aking'oa magugu.

"Umeona? Nimepona bila dawa zenu." Mama alilaza mpini wa jembe kati ya mibuni miwili, akapima. "Hapa pananitosha. Usije ukapanda kitu."

"Sawa, mama," alisema Aikande, akaenda kupasha mtori moto.