Kidole Gumba Kwenye Picha

Ilinca aliitambua picha ile kabla mzungumzaji hajafungua kinywa. Ilionyesha jiwe la matabaka, lililojengwa na bakteria wa kale, na kando yake kidole gumba chenye ukucha mweusi, kilichowekwa ili kuonyesha ukubwa wake.

Kidole kilikuwa chake. Ukucha aliuponda kwa nyundo alipokuwa akilichimbua jiwe hilo pangoni, kwenye milima ya Apuseni, peke yake, maji yakimfika kiunoni.

Ukumbi mjini Cluj ulikuwa umejaa watafiti chipukizi. Aliyesimama mbele yao alikuwa mwanafunzi mpya wa profesa wa Ilinca. "Jiwe hili nililipata mwenyewe," alisema.

"Profesa, lile ni jiwe langu," Ilinca alinong'ona.

Profesa, aliyeketi kando yake, hakugeuka. "Tulia, binti. Usitutie aibu mbele za wageni."

Wakati wa maswali ulipofika, Ilinca alisimama. "Samahani. Hicho kidole ni cha nani?"

Kijana alikitazama, akababaika, kisha akatabasamu. "Aa, hicho? Cha mtu wetu wa kubeba mizigo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ilinca akamgeukia profesa. Alikuwa akicheka kuliko wote.