Matairi ya Safari ya Ukweni

Kinyozi alimkonyeza fundi wa matairi kwa mara ya tatu.

"Kaka, una mdudu jichoni?" fundi akauliza. "Bomba lile pale, kanawe."

Kinyozi nusura aangue kicheko. Loo, jamaa huyu mwigizaji! Walikuwa wamepatana jana kwa ujumbe wa simu tu, maana namba alipewa na mteja wake mmoja wa saluni, na hata sura hawakuwa wanajuana. Mpango wenyewe mwepesi. Kinyozi atakuja na gari na mkewe, fundi atakagua matairi, atatikisa kichwa, atasema hayafai kwa safari ndefu. Basi! Safari ya ukweni itakufa kifo cha kawaida, na hakuna atakayelaumiwa ila mpira.

Msimfikirie vibaya. Mama mkwe wake alimpenda, tena sana. Ila kila akienda kule, hata chai hajaimaliza, wajomba wameshapanga foleni uani, kila mmoja na kichwa chake. "Mkwe wetu ana mkono mwepesi," mama mkwe angesema kwa fahari, na mkwe angenyoa bure mpaka jua lizame na mgongo ukatae kunyooka. Safari hii ukoo mzima ungekutana, na ukoo wenyewe una nywele!

"Fundi, niambie ukweli," alisema mkewe, mikono kiunoni. Alikuwa mshonaji, mtu wa kupima kabla ya kukata, na maneno matupu hayakumwingia. "Kesho tunakwenda kwa mama. Huyu bwana kaanza kuyalalamikia matairi jana tu. Juzi gari lilipoteleza na mtoto ndani, aliapa kwamba ni mvua."

"Mvua nayo ilikuwepo," Kinyozi akasema kwa unyonge.

Fundi alichuchumaa. Akapitisha kidole kwenye mfereji wa tairi la mbele, kisha akamwita mke aje ajionee mwenyewe.

"Vinundu hivi vilivyolala ndani ya mfereji, unaviona? Tairi likiwa jipya, viko chini kabisa. Mpira ukiisha ukalingana navyo, tairi limeshakuaga. Haya yamelingana navyo zamani." Akahamia la nyuma. "Hapa ubavuni nyufa tupu. Na huku kwa ndani, hebu weka mkono. Taratibu, usichomwe. Huo ni waya umetokeza."

Mkewe aligusa, akautoa mkono mbio. "Mungu wangu!"

Kinyozi akashika kichwa, kwa masikitiko aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha saluni. Moyoni alikuwa anashangilia. Waya! Wazo la waya hakumpa yeye, jamaa kaliongeza mwenyewe. Akaapa kumnunulia soda, tena mbili.

"Kwani unafanya kazi gani, kaka?" fundi akamuuliza.

"Mimi kinyozi."

"Kinyozi mzima, na kipara hukijui?"

Mkewe alicheka mpaka akajifuta machozi. Kinyozi naye akacheka, kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kupita alivyotarajia.

Kisha mkewe akaacha kucheka, akafungua mkoba wake. "Fundi, mapya ya saizi hii unayo?"

"Yapo, mama."

"Funga yote manne. Nilikuwa nimeweka akiba ya cherehani mpya, lakini cherehani haimpeleki mwanangu shule. Na kesho alfajiri tunaondoka."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga hawakukosea. Foleni ya wajomba Kinyozi aliiona waziwazi, lakini safari hii si wajomba waliomuuma. Ile cherehani mkewe alikuwa ameisubiri miaka. Ya zamani ilikwama kila mshono wa pili, akawa analisukuma gurudumu lake kwa mkono na kuimba ili asikasirike. Sasa akiba yote inakwenda, na kwa sababu gani? Kwa sababu ya uongo wa mumewe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alimvuta fundi nyuma ya rundo la matairi makuukuu.

"Basi, imetosha," akanong'ona. "Umeigiza vizuri, nakushukuru kwa moyo wote. Lakini mke wangu anatoa akiba yake, mimi siwezi. Mwambie uliangalia vibaya. Sema haya yanaweza kwenda hata mwaka mwingine."

Fundi alimtazama kutoka juu mpaka chini, polepole, spana mkononi.

"Mtoto wako anapanda gari hili?"

"Kila siku. Mimi ndiye nampeleka shule."

"Na wewe unataka niseme yaende mwaka mwingine?"

"Si matairi ni mazima, bwana! Mbona unaniadhibu? Acha utani sasa, mimi ndiye yule wa jana."

"Wa jana gani?"

Kabla Kinyozi hajajibu, simu ikalia mfukoni mwake. Akaipokea huku amemkazia macho fundi aliyesimama mbele yake, mdomo kimya, spana bado mkononi.

"Halo, kaka," ilisema sauti ya kwenye simu. "Ni mimi, fundi wako wa matairi. Niwie radhi sana, mtoto kaamka na homa, leo sijatia mguu kazini. Ule uongo wetu tuusogeze mpaka kesho."